Fundi wa Marijani

Ukiacha barabara ya Kisauni ukaingia Mjambere kwa miguu, utapita nyumba nyingi zenye ukuta wa marijani, na kila utakayemuuliza atakwambia ni kazi ya Fundi. Mkono ni wake kweli, sibishi. Nilikuwapo, nilimshikia ngazi, na rola nilizisafisha mimi. Lakini yako mambo ya Fundi ambayo watu wa Mjambere hawayajui, na kwa kuwa wao wamemsifu kwa miaka mingi bila kuchoka, sioni vibaya nami kusema langu.

Tulimwita Fundi tu. Mafundi wako wengi, wa mabomba, wa umeme, wa vitanda, ila ukisema Fundi bila kuongeza neno, watu walijua ni yule mchanganyaji rangi wa duka la vifaa vya ujenzi. Meza yake ilikuwa nyuma ya duka. Mikebe mikubwa ya rangi nyeupe ilipangwa upande mmoja, na upande wa pili chupa ndogo za rangi kali za kutilia. Mteja alikuja na kipande cha kitambaa, au ua, au siku hizi picha kwenye simu, akasema anataka rangi kama hii, na Fundi akamtolea hiyo hiyo. Mimi niliajiriwa pale kuuza misumari na brashi. Miezi michache baadaye Fundi akaniomba kwa tajiri wa duka niwe msaidizi wake wa kukoroga. Nilikoroga miaka kumi na mmoja.

Kwanza mavazi yake. Shati jeupe, kikoi cheupe, kofia nyeupe, Jumatatu mpaka Jumatatu. Sijapata kumwona mtu mwingine anayeshinda na rangi akavaa nyeupe, tena akarudi nyumbani bila tone. Wengine walisema ni uchaji Mungu. Wengine walisema ni maringo ya ufundi, kwamba anataka watu waone hajidondoshei. Mkewe, mama mcheshi kweli, alisema siku mumewe atakapomletea kitambaa cha rangi alichokichagua mwenyewe, ataolewa naye mara ya pili. Tulicheka sote, na Fundi alicheka zaidi yetu.

Asubuhi alikuja na mahamri na mbaazi kwenye bakuli lenye mfuniko. Hamri la mwisho alilikata katikati, nusu yake na nusu yangu, hata siku ambayo njaa ilikuwa yake zaidi. Mgonjwa wa mtaani alimtembelea kabla ya ndugu zake. Mume wangu alipofariki, Fundi ndiye aliyefika wa kwanza, na jeneza alilibeba mpaka makaburini na magoti yake yale mabovu. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu angekuwa mtu mbaya tangu mwanzo nisingeumia hivi.

Kipaji chake hasa kilikuwa maneno. Wateja walikuja kununua rangi wakaondoka na mawaidha, nao walipenda. Alikuwa na yake juu ya kila rangi, lakini ikifika zamu ya marijani, alikaa chini kabisa.

“Si nyekundu,” alisema. “Si ya machungwa, wala si waridi. Nyekundu yakukemea. Waridi yakubembeleza. Marijani yakwambia karibu, basi.”

Vijana walikuja na simu wakasema wanataka “koro”, jina la Kizungu, kama walivyoona nyumba za watu kwenye mitandao. Fundi aliwasahihisha kwa upole. Aliwaeleza kwamba haya matumbawe tunayochimba kujengea nyumba ni meupe yenye kijivu, hayana wekundu wowote, na kwamba rangi wanayoitafuta ni ya kile kito cha pete na tasbihi, nacho jina lake tunalo tangu zamani. Walitoka pale wakisema marijani, na wengine walirudi na mama zao wasikie pia.

Alikuwa na sheria zake na hakuzivunja kwa ajili ya mteja. Marijani hupakwa mahali mtu anapofikia: ukumbini, barazani, ukuta wa sebule unaotazamana na mlango. Ipake upande unaopata jua la alasiri, kwa sababu jua la asubuhi huifanya ionekane imepauka. Iweke karibu na chokaa nyeupe, itatulia. Iweke karibu na feruzi, zitagombana, na ukitaka zigombane basi feruzi iwe kidogo, mlango tu au fremu ya dirisha. Jikoni alikataa. Alisema jikoni moto upo tayari, wa nini kuuongeza.

Mwenye zahanati moja ndogo alitaka vyumba vyote viwe marijani, wagonjwa wachangamke. Fundi alimkubalia pale wanapongojea tu. Vyumba vya kulaza alikataa katakata.

“Ukuta wa marijani humpa mtu uso wa afya,” alimwambia. “Mgonjwa atajitazama kiooni aone amepona, na hajapona. Daktari naye ataona vivyo hivyo.”

Yule bwana aliniangalia, kisha akamwangalia Fundi, akasema hajawahi kufikiria hilo. Hata mimi sikuwa nimelifikiria. Mpaka leo mteja akitaka marijani chumbani kwa mgonjwa namwambia maneno yale yale, na nakereka kila mara kwamba ni ya Fundi na ni ya kweli.

Bwana harusi mmoja alitaka chumba chekundu pyu. Fundi alimwuliza anaoa kwa muda gani. Yule kijana akasema maisha, inshallah. “Basi paka marijani,” Fundi akamwambia. “Nyekundu utaipenda wiki.” Alikuwa na msemo wake pia, kwamba rangi ya mkebeni ni posa, ya ukutani ndiyo ndoa, na kwa hiyo hakutoa rangi yoyote kabla haijapakwa kwenye kijiti na kukauka.

Hapo kwenye kijiti ndipo palipokuwa na kazi yangu. Fundi alitia rangi, mimi nilikoroga, kisha nilichovya kijiti na kukitoa nje juani. Kikikauka alikishika, akakigeuza, akanusa, akakisogeza mbali na uso. Halafu alinipa.

“Mwanangu, hii waionaje?”

“Nyekundu imezidi, Fundi.”

“Imezidi kwa kiasi gani?”

“Kiasi cha kijiko cha chai. Na manjano haijafika.”

“Mmh,” alisema, akaongeza nyeupe na manjano. Tulirudia mara tatu, mara nne. Hakuniambia hata siku moja kwamba nimepata. Nilidhani ananipa mtihani, na kwamba mwalimu mzuri hamsifu mwanafunzi usoni. Wateja walipomwuliza kwa nini ananiuliza mimi, alijibu kwamba rangi ni ya watu wawili, aliyeitengeneza na atakayeitazama. Walimsifu kwa kujishusha kule.

Chupa za rangi kali alizitia alama kwa kisu kwenye mifuniko. Alama moja nyekundu, mbili kijani, tatu manjano, na kuendelea. Majina yaliandikwa kwenye chupa, lakini maandishi yalifutika haraka kwa mafuta ya mikono, na umeme wa Kisauni nao tunaujua. Niliona ni busara. Sokoni alibonyeza nyanya moja moja na kumwuliza muuzaji ipi imeiva, naye muuzaji alifurahi kuonekana mwaminifu. Hilo nalo niliona ni adabu.

Sasa nije kwenye la Changamwe.

Mwaka wangu wa nne tajiri alifungua duka la pili kule, karibu na maghala, akataka mtu wa kuchanganya rangi. Alimwuliza Fundi kama mimi naweza. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mafuta huko huko Changamwe. Kila alfajiri alitoka Kisauni, akavuka daraja, akapita kisiwani chote, akavuka tena upande wa pili, na jioni akarudi njia ile ile na foleni yake. Tulikwisha kuona chumba cha kupanga, chenye madirisha mawili, dakika tano kutoka lango la kazini kwake. Nilikuwa nimeanza kufunga vyombo kwenye magazeti.

Fundi aliniita nyuma ya duka. Alinikalisha kwenye debe, naye akakaa kwenye debe.

“Mkono unao, mwanangu,” aliniambia. “Jicho huna. Nami siwezi kumdanganya tajiri. Jicho halifundishwi, ni Mwenyezi Mungu atoaye. Kaa na mimi nikufunike.”

Nikufunike. Neno hilo nililishukuru. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba sina jicho, Fundi amesema. Akasema basi, tutakaa hapa hapa. Vyombo nikavirudisha kabatini. Changamwe walimpeleka mtu mwingine, na mume wangu aliendelea na madaraja yake mawili miaka saba mpaka alipougua.

Mtu akikwambia huna jicho, na wewe ukamwamini, unaanza kulipoteza kweli. Nilifika mahali nikienda kununua leso namwomba muuzaji anichagulie. Binti yangu alipoolewa, sare ya upande wetu ilichaguliwa na jirani. Nilikaa pembeni nikashika sinia, nikasema chochote mtakachopenda.

Halafu nikafiwa, nikaingia eda. Kwa asiyejua, mjane wa kwetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki kwenda kazini wala sokoni, wala hatembelewi na wanaume wasio maharimu wake, yaani wale wanaoweza kumwoa. Fundi hakuweza kuja, lakini siku ya tatu mkewe alikuja na kijiti kimefungwa kwenye gazeti.

“Mume wangu akusalimu,” alisema. “Asema, hiki wakionaje?”

Nilikitazama dirishani. Kilikuwa marijani, iliyokolea kidogo. Nilisema wapunguze nyekundu. Mama yule alipoondoka nililia. Nilijiambia, tazama mtu huyu, mimi nimekaa hapa na kaniki yangu, yeye hakutaka nisahau kazi. Vijiti viliendelea kuja wiki baada ya wiki, na kila kimoja nilikipokea kama zawadi.

Nilipotoka eda nilirudi dukani. Haikupita wiki, akaja mama mmoja wa bara mwenye nyumba ya wageni kule Shelly Beach. Fundi alikuwa amekwenda kusali adhuhuri. Mama yule alinitazama juu mpaka chini.

“Wewe ndiye msaidizi wake? Ni wewe uliharibu ukuta wangu?”

“Ukuta upi, mama?”

“Wa mapokezi. Fundi aliniambia mkebe wa pili ulichanganya wewe. Akasema umefiwa na mzee wako, akili haijatulia. Nikakuonea huruma, nikanyamaza.”

Alinipa simu yake nione. Ukuta mmoja, nusu marijani safi, ile niliyoikubali kijitini mwenyewe. Nusu ya pili ilikuwa kijani chafu, rangi ya pojo zilizochemshwa. Zilikutana katikati wima, juu mpaka chini, wala huhitaji jicho la kufundishwa kuona. Katikati pale alisimama Fundi na shati lake jeupe, ameshika rola, ameunyooshea ukuta mkono, anacheka.

“Nilikuwa nimetoka, nikarudi jioni nikampata amemaliza,” alisema. “Akaniambia nimpige picha na kazi yake. Nikadhani ni mzaha.”

Nikamweleza. Nikamwambia mimi nilikuwa eda, na eda ni nini, na kwamba katika miezi ile sikushika hata kijiko cha rangi, mtaa mzima ni shahidi. Mtu yeyote wa hapa kwetu angelijua hilo bila kuambiwa, na angemcheka Fundi papo hapo. Ila mama huyu alikuwa mgeni wa mambo yetu, akaamini.

“Sasa ni nani alichanganya?” aliniuliza.

Kilichonichoma kwanza ni ule uongo. Kunisingizia mimi, tena nikiwa nimekaa ndani na msiba wangu. Kisha nikaiangalia tena ile picha, kicheko kile na mkono ule ulionyooshwa, nikaelewa kwamba hakuwa akifanya mzaha. Yeye alikuwa akitazama ukuta wa rangi moja. Baadaye mkewe aliniambia bila kujua anachoniambia kwamba siku ya mkebe ule wa pili alikuwa kwa dada yake Kwale, hakuwapo wa kuniletea kijiti, na kwamba chupa zilikuwa zimefika mpya asubuhi ile, mifuniko bado haijachongwa.

Sikumsema siku hiyo. Kesho yake nilichovya vijiti viwili, kimoja marijani, kimoja ile ile ya pojo, nikavikausha. Nilimpa vyote viwili.

“Fundi, ipi ndiyo?”

Alivigeuza. Alivinusa. Alivipeleka mpaka mlangoni kwenye mwanga, akarudi navyo.

“Wewe waonaje, mwanangu?”

Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nimemjibu swali lile. Safari hii sikumjibu. Adhana ya alasiri haikuwa imefika bado, lakini alisema anakwenda kutia udhu. Vijiti aliviweka mezani taratibu. Jioni ile nilimuaga tajiri, na mwisho wa mwezi nilihamia Likoni kwa dada yangu.

Sikumwambia mtu. Nilipatwa na hasira za kuamka nazo asubuhi, lakini nilijiuliza ni nani angeniamini, na mkewe nilimpenda. Nilifungua banda langu la kuchanganya rangi, si mbali na feri. Mteja wa kwanza alitaka marijani, kama aliyetumwa. Nilichanganya, nikakausha kijiti, nikashindwa kumpa. Nilimsimamisha mwanamke aliyekuwa akipita na kikapu chake cha samaki nikamwuliza hii anaionaje. Akasema nzuri, akapita zake. Nilijichukia kwa kuuliza. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuacha kuwauliza wapita njia.

Mwaka jana, asubuhi moja, Fundi aliingia bandani kwangu. Amepungua, magoti yamekwisha, anashikwa mkono na mwanawe mkubwa, yule mwalimu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu. Niliwapa viti.

“Baba amejaaliwa kwenda Hija,” mwanawe akasema. “Tunapita kwa watu kuomba radhi.”

Nilijua kabla hajasema. Anayekwenda Hija huzunguka kwa jamaa, majirani na aliofanya nao kazi, akaomba msamaha kwa maneno yanayojulikana, nawe humjibu kabla hajamaliza. Hakuna anayekataa. Sijawahi kusikia aliyekataa.

“Mwanangu,” Fundi alisema, “kama nimekukosea kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe kwa ajili ya Mungu.”

“Kwa kujua, au kwa kutojua?” nikamwuliza.

“Ndivyo isemwavyo.”

“Najua ndivyo isemwavyo, Fundi. Nakuuliza wewe.”

Mwanawe alinikazia macho. “Bi, huyu ni mzee,” alisema.

“Nenda kaninunulie maji,” Fundi akamwambia, na yule bwana akatoka kwa shingo upande.

Vijiti vyangu vilikuwa vimepangwa ukutani, safu nzima, naye aliviangalia muda mrefu.

“Kwa kujua,” alisema. “Sizioni, mwanangu. Tangu utotoni. Nyekundu na kijani kwangu ni kitu kimoja. Hiyo marijani nimeisikia kwa watu tu, wazee walionifundisha kupaka, nikayashika maneno yao.”

“Hilo si kosa lako. Sema la Changamwe.”

Alivuta pumzi. “Jicho ulikuwa nalo. Nililijua wiki ya kwanza. Ungelikwenda Changamwe, mimi ningelikuwa nani?”

Miaka yote ile nilidhani nikiyasikia maneno hayo kinywani mwake nitapoa. Sikupoa. Nilichokiona ni mume wangu amekaa ukingoni mwa kitanda gizani akivaa viatu, miaka saba, kwa sababu mzee huyu aliogopa kubaki peke yake na mikebe yake.

“Na mume wangu?” nilisema.

Mwanawe akarudi na chupa ya maji, akamfungulia. Fundi alikunywa, akajifuta mdomo, akasema kwa ile sauti yake ya wateja, “Basi, mwanangu, tusameheane.”

“Sema umemsamehe, Bi,” mwanawe akasema, “tuwahi feri.”

“Mwambie kwanza mwanao uliloniambia,” nilimwambia Fundi. “Mwambie, nami nitasema papa hapa, na kwa moyo.”

Alimtazama mwanawe, mtu mzima mwenye ndevu za mvi mbili tatu, ambaye amekua akiambiwa kwamba Kisauni nzima imepakwa kwa macho ya baba yake. Kisha akatazama sakafu. Nilitaka kweli aseme, Mungu ananiona.

“Tutachelewa,” Fundi alisema, akanyoosha mkono ashikwe.

Alikwenda, akahiji, akarudi salama. Sasa Mjambere wanamwita Haji, nasikia wameipaka nyumba yake upya, marijani, na watu bado wanakwenda kumpa mkono. Mimi sijakwenda. Mwanawe amenipigia simu mara tatu, anataka kujua baba yake alinikosea nini hata nikamnyima radhi. Mara zote tatu nimemwambia amwulize baba yake.